Kitufe Ambacho Hakukibonyeza

Kijiko kiligusa bakuli, kikagusa tena, kisha kikanyamaza.

Korido ya ghorofa ile haikuwa na dirisha wala taa, na mwanamke mmoja, Inspekta wa polisi, alikuwa amesimama gizani, mkono ameuinua abishe. Hakuwahi. Walio ndani walikwisha kusikia viatu vyake, na sasa walikuwa wametulia kama panya aliyenusa paka. Nje jua la alasiri lilikuwa linawaka na watoto wanafukuzana uani, lakini chini ya mlango huu haukupenya hata uzi wa mwanga.

"Ni mimi, Sindano," alisema karibu na kitasa.

Hilo ndilo jina ambalo kituo kizima kilimwita. Wengine walisema ni kwa wembamba wake; mwenyewe alisema ni kwa kuwa penye tundu hakosi kupita. Ndani, kitu kizito kikaburutwa sakafuni, komeo likavutwa, na mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha bega.

Aliyefungua, mwanamke msusi, alikuwa amegongomea mablanketi dirishani. Kilichoburutwa kilikuwa kabati la vyombo, na glasi zilikuwa bado zinatetemeka ndani yake. Chini ya meza alikaa binti yake, ambaye shule ilikuwa ndiyo kwanza aianze, na bakuli la uji mapajani, akimtazama mgeni bila kupepesa.

Jana yake baba wa mtoto alikuwa ameonekana kwenye lango la shule ya chekechea, saa ile ile mama na mtoto walipokuwa wanatoka kuandikishwa. Baba huyo alikuwa wakala wa bima, mtu wa shati lililonyooka na ulimi wa asali, aliyemvunja mkewe mkono kwa mlango wa gari na kisha akamwendesha hospitali yeye mwenyewe, akimpa pole njia nzima. Mahakama ilimkataza kuwakaribia mke na mtoto. Akaitikia kwa heshima zote. Tangu hapo msusi amehama, akahama tena, amebadili namba ya simu, ameacha kazi, na kila akituama mahali mume huchomoza jirani kama uyoga baada ya mvua. Akiulizwa, jibu lake ni lile lile: mji ni mmoja na barabara ni za wote.

"Afande, mimi nimefika mwisho," msusi alisema. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia yote. "Nikitoka hapa sina pengine. Akija hapa, amekuja."

Sindano aliketi sakafuni na kuanza upya, kama fundi anayefumua mshono uliokwenda upande. Simu ya msusi ilikuwa imepekuliwa kituoni na kuonekana safi. Begi la mtoto lilikuwa limefumuliwa pindo zote kwa kutafuta kifaa cha kufuatilia. Kilichopatikana humo ni penseli na makombo ya biskuti. Alibaki mtu mmoja, kaka yake msusi, dereva wa lori, ambaye zamani shemeji yake alikuwa akimnywesha soda na kumsifia. Msusi alishamhukumu. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na wiki kadhaa sasa hapokei simu ya ndugu yake wa tumbo moja.

Asubuhi hiyo Sindano alikuwa amemfuata huyo kaka gereji na kumkuta chini ya lori lake, miguu tu ndiyo inayoonekana. Kaka alijibu maswali kutoka huko huko. Alisema angekuwa ni mtu wa kuuza siri angekuwa amenunua lori linalowaka kwa ufunguo badala ya kusukumwa. Na hiyo siri ataitoa wapi, alisema, wakati dada yake hamwambii hata rangi ya mlango wa anakolala? Kisha akatambaa nje, uso una grisi, akauliza kama mtoto anakula. Siku shemeji yake alipoonekana kwenye kliniki ya mtoto yeye alikuwa safarini na shehena. Tajiri wake alithibitisha. Shule ya chekechea hakuwa ameisikia kabisa.

"Nitajie tena mahali," Sindano alimwambia msusi. "Si ulikokaa. Alikoonekana."

Msusi akataja. Kliniki ya ngozi alikokuwa akimpeleka mtoto. Saluni moja kubwa karibu na stendi. Halafu jana, lango la shule.

"Hajawahi kugonga mlango huu?"

"Bado."

"Wala ule wa kabla?"

"Hapana."

"Kliniki ulikwenda, na shule ulikwenda. Kwenye hiyo saluni ulifanya kazi muda gani?"

"Sikufanya. Sikuwahi hata kuikanyaga."

Sindano akainua kichwa. Msusi akaeleza kwamba alikuwa anawaza tu kwenda kuomba nafasi. Kabla hajaenda, rafiki yake anayesuka pale alimpigia kumwambia kuna mwanaume mpole amekuja kuuliza kama wamepata msusi mpya mwenye binti mdogo. Basi akaogopa, akaacha.

"Basi hafuati miguu yako," Sindano alisema. "Angekuwa anafuata miguu angefika hapa, maana miguu yako inalala hapa. Kule saluni alikutangulia. Huyu hajui unakokwenda. Anajua unachokitazama. Hiyo saluni uliitazama wapi?"

Msusi alinyoosha kidole kitandani. Chini ya mto, ikiwa imefungwa kwenye kanga, ilikuwako kompyuta mpakato ya zamani.

Mtaalamu wa kompyuta wa kituo alikuwa bwana mnene ambaye hata mkewe alimwita Miwani. Alifika akihema kwa ngazi, akatazama dirisha lililozibwa, akamtazama msusi, na hakuomba mtu afungue pazia. Akafanya kazi kwa mwanga wa kioo cha kompyuta.

Msusi alimwambia, si bila fahari kidogo, kwamba ulinzi ameshauweka. Alimwonyesha alama ya ngao kwenye pembe ya kivinjari. Ilikuwa kiendelezi, kimoja kati ya vile vijiprogramu vinavyobandikwa kwenye kivinjari ili kukiongezea kazi. Alikichagua mwenyewe. Kilikuwa na nyota nyingi, kilijiita ulinzi kamili, na tangu akiweke kila ukurasa unafunguka mweupe, hakuna tangazo hata la dawa ya meno.

Miwani alifungua mipangilio yake, akasoma, akasonya.

"Dada, hiki kinaficha matangazo basi. Kinayafuta machoni pako. Anayekufuatilia wala hakimgusi."

Akafungua ukurasa wa shule ya chekechea na kumwonyesha kitufe kidogo chenye alama ya dole gumba, kitufe cha kupenda, cha mtandao wa kijamii ambao kila mtu anao. Msusi akaapa kwamba hajawahi kukibonyeza, hapo wala popote.

Hakihitaji kubonyezwa, Miwani alieleza. Kitufe hicho si mali ya shule. Kila ukurasa unapofunguka, kinaletwa na mtandao wenyewe, na kikiletwa kinauliza ni nani aliyefungua. Akaunti ya msusi ilikuwa wazi kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo jibu lilikuwa jina lake. Ni kama kuwa na jirani mmoja mbea anayekaa mlangoni mwa kila duka mjini, alisema. Hununui, humsalimii, lakini amekuona.

"Na akishaniona anamwambia nani?"

"Anaiambia akaunti yako. Ndiyo inakuletea matangazo na kurasa za kufanana na ulichotazama."

Sindano akasogea karibu na kioo. "Akaunti hiyo iko wazi wapi kwingine?"

Miwani alitafuta orodha ya vifaa. Vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa mbele yao. Cha pili kilikuwa kompyuta ya mezani, na kilikuwa kimetumika asubuhi ile ile. Msusi hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa ile ya sebuleni kwake, aliyoiacha ikiwaka siku aliyotoka na mtoto mgongoni na viatu mkononi.

Kwa hiyo wakala wa bima hakuwa ameiba nywila wala kuvunja kitu. Alikuwa anakaa kwenye kochi lake, anafungua mtandao kwa jina la mkewe, na kusoma yaliyoandaliwa kwa ajili ya mkewe: kliniki, saluni, chekechea.

"Na mimi hayo matangazo siyaoni," msusi alisema polepole, "kwa sababu niliyafuta."

"Ulijifunika shuka ukadhani umezima taa," Miwani alisema, na papo hapo uso wake ukaonyesha kwamba angelipa kuyarudisha maneno hayo kinywani.

Msusi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alisema kumbe amekuwa akimwita mume yeye mwenyewe, siku zote hizi akimwita. Akasema amemtukana kaka yake matusi ambayo hata mbwa hatukanwi.

"Wewe ulikuwa unamtafutia mtoto shule," Sindano alimkatiza. "Tuanzie hapo. Miwani, toa mkono."

Mkono wa Miwani ulikuwa unakwenda kuifunga akaunti kwenye ile kompyuta ya pili. Ukimfungia sasa, Sindano alimwambia, atajua tumejua, na kesho atatafuta njia tusiyoijua. Leo mlango wake tunauona. Mwache apite, tumsubiri upande wa pili.

Walichagua kliniki ya meno ya watoto upande wa pili wa mji, mahali ambapo msusi hakuwa na ndugu, rafiki wala sababu. Miwani alihakikisha kwamba ukurasa wake una lile dole gumba. Lakini aliyepaswa kuufungua ni msusi, kwa mkono wake, aende ukurasa hadi ukurasa kama mama anayetafuta daktari kweli. Alifungua. Akasoma habari za meno ya utotoni hadi mwisho. Alipomaliza alikwenda kwenye sinki akasimama ameipa dunia mgongo.

Siku ya kwanza chambo hakikuguswa. Sindano alishinda kwenye chumba cha kusubiri, juu ya kiti cha rangi kilichotengenezwa kwa ajili ya matako ya mtoto, magoti yamemfika kidevuni. Koplo aliyefuatana naye alivaa koti jeupe akakaa mapokezi, na kwa bahati mbaya akafanana na daktari kiasi kwamba mama mmoja alimletea mtoto afunguliwe mdomo. Siku ya pili, kabla ya mchana, mlango ulifunguliwa taratibu na wakala wa bima akaingia na mwanasesere mpya kwapani. Alimuuliza Koplo, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupokelewa vizuri, kama kuna mama fulani aliyekuja na binti yake mdogo.

Mahojiano yalifanyika kituoni. Mwanasesere aliwekwa mezani katikati yao.

"Ulifuata nini pale?"

"Meno ya mwanangu, dada. Baba naye hana ruhusa ya kujali meno?"

"Mtoto ambaye umekatazwa kumkaribia."

"Kwani nimemkaribia? Alikuwepo?"

"Mahali pale ulipajuaje?"

"Tangazo. Siku hizi nani anaelekezwa njia na mtu?"

"Tangazo kwenye akaunti ya nani?"

Akatabasamu. "Yangu. Nina mtoto, naletewa mambo ya watoto. Labda wewe unaletewa mambo ya pingu."

Koplo alikohoa. Sindano hakucheka.

"Tuje kwenye lango la shule ya chekechea."

"Shule gani?"

Sindano akaitaja.

"Hiyo wala siijui. Nilisimama kando ya barabara nipokee simu, nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Ukuta ukiwa wa shule, mimi nafanyaje? Sijawahi kuisikia wala kuitazama popote. Andika hivyo hivyo, dada yangu, nitaweka sahihi."

Sindano aliandika, akamsomea, na yule bwana akaweka sahihi ndefu yenye mkia.

Mwendesha mashtaka alikuwa mama wa maneno machache. Alisikiliza kila kitu kwenye simu, hadi mwisho, na hapo ndipo Sindano alipojua kwamba hakuna habari njema. Kliniki ya meno haisaidii, mama alisema, maana mke na mtoto hawakuwepo, na mtu hawezi kuvunja amri kwa kukikaribia kiti kitupu. Lango la shule ndilo lenye uzito, kwa sababu siku hiyo walikuwepo. Lakini lazima ionekane kwamba aliijua shule akaiendea. Kompyuta ya sebuleni? Kibali cha kupekua hakitoki hadi kesho, na mdogo wake mtuhumiwa ana ufunguo wa nyumba. Hadi kesho itakuwa imeshafutwa ikang'aa. Kumbukumbu za mtandao wenyewe huombwa kwa barua na kusubiriwa miezi.

"Nipe kitu kimoja kinachosema aliijua shule hiyo," alimaliza. "Kimoja tu, kisichotoka kinywani mwa mke wake. Bila hicho, jioni hii anatoka, na sasa anajua mmeutambua mlango wake."

Sindano alirudi kwenye ile korido ya giza akiwa na Miwani, na safari hii kabati liliburutwa haraka zaidi. Msusi alikuwa ameshajua kwa kuutazama uso wake. Akafunga kila kitu kwenye shuka moja, na juu ya furushi hilo akakaa kama abiria ambaye safari yake imefutwa.

Sindano alimwambia ukweli. Nyumba ya hifadhi ya wanawake imejaa. Kaka yake amesema aje hata sasa hivi, matusi ameyasahau, lakini kwa kaka ndiko mume atakakotazama kwanza. Msusi alisikiliza hadi mwisho. Hakulia.

"Kabla sijatoka," alimwambia Miwani, "hebu nifungie kabisa hilo dirisha lake. Popote nitakapokwenda, nisiende naye."

Miwani alifungua ghala la viendelezi. Vilikuwa vingi kama vibanda vya gulio, kila kimoja kinajisifu. Msusi alinyoosha kidole kwa chenye nyota nyingi, kisha mwenyewe akakirudisha. Akauliza kimetengenezwa na nani. Akauliza kinaomba ruhusa ya nini. Kiliomba kusoma kila anachoandika, na Miwani akasema huyo ni mlinzi anayeomba ufunguo wa chumbani. Kikatupwa. Kingine kilizuia wafuatiliaji, hata wale wasioonekana, ingawa mara nyingine ukurasa ungechechemea; hicho akakikubali. Cha tatu kazi yake ilikuwa vile vitufe vya mitandao ya kijamii tu, kuving'oa kwenye kila ukurasa na kuacha kiraka cha kijivu. Akauliza kama hivyo viwili vitagombana. Safari hii alichagua kama anavyochagua nywele za mteja, akivuta, akikagua ncha, akikataa.

Simu ya Sindano ililia. Akaipokea mlangoni. Koplo alikuwa ananong'ona kwamba jamaa amekabidhiwa mkanda na saa yake, anavaa viatu, na kwamba Afande kama ana neno aliseme sasa.

Kwenye meza, Miwani alikuwa ameviweka viendelezi vyote viwili bila kuviwasha bado. Alifungua ukurasa wa shule ya chekechea ili msusi aone ulivyo kabla na utakavyokuwa baadaye. Akamwonyesha dole gumba la juu. Akashuka, akapita picha za watoto kwenye bembea, hadi chini kabisa ambako msusi hakuwahi kufika, kwenye kisanduku chenye vipicha vya duara.

"Na hiki kitakwenda," alisema. "Kinakuonyesha sura za marafiki zako wa mtandaoni waliobonyeza kupenda ukurasa huu. Asiyebonyeza kwa akaunti yake mwenyewe hatokei humo."

Msusi aligeuza uso. Marafiki wa maisha yale, ambao hakuwahi kumwondoa hata mmoja, hakutaka kuwaona. "Futa," alisema. "Futa vyote."

Mshale ukasogea kwenye swichi. Mtoto alikuwa ametoka chini ya meza bila mtu kumwona, amepanda juu ya furushi pembeni ya mama yake, na sasa alikuwa ameinama mbele ya kioo. Aliweka kidole chini, juu ya duara moja dogo kama punje ya dengu, akakiacha hapo.

"Baba yuko hapa."